Daraja la zamani la reli Jinja: libaki au likatwe skrapu?

Tangu daraja jipya la Nile pale Jinja, Uganda, lifunguliwe Oktoba 2018, lile refu la mita 525 linaloning'inia kwa nyaya, kuna hoja hairudi nyuma: lile la chuma la reli pale jirani limezeeka, SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikija itataka daraja lake, basi la zamani likatwe liuzwe skrapu.

Mimi nasema libaki, ila wanaotaka livunjwe hawaongei upuuzi. Chuma kilichokaa juu ya maji kinaliwa na kutu, na kutu mbaya ni ile usiyoiona, inajificha pale mabamba mawili yanapokutana chini ya kichwa cha riveti (ule msumari mnene unaoyashikanisha), rangi kwa juu bado inang'aa. Kukwangua, kupaka, kukagua riveti moja moja, hiyo ni pesa ya kila baada ya miaka michache na kuna zahanati hazina dawa.

Lakini ebu tukumbuke lilifanya nini. Treni ilifika Kampala 1931 kwa sababu ya daraja lile, kabla ya hapo mzigo ulikuwa unapandishwa meli Kisumu unashushwa Port Bell, bandari ya Ziwa Victoria karibu na Kampala. Halafu 1954 likaja bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, barabara kuu ikapita juu yake, na kwa zaidi ya miaka 60 matrela ya Mombasa yakawa yanapita juu ya bwawa lenyewe la umeme! Likipata shida hapo umekosa stima na umekosa njia kwa mpigo. Karuma nako, kwenye njia ya kwenda kaskazini mwa Uganda, tuliona 2024, daraja la Nile la 1963 likafungwa kwa matengenezo na mabasi ya kaskazini yakazungushwa mbali huko, nauli juu. Nchi yenye mto kama huu haitupi kivuko hivi hivi.

Waingereza wana Ironbridge, daraja kubwa la kwanza duniani la chuma cha kumimina kwenye kalibu, lilifunguliwa 1781. Chuma cha namna ile ukikigandamiza kinabeba sana, ukikivuta kinakatika ghafla, ndiyo maana 1847 daraja la reli la mto Dee kule Chester lilivunjika treni ikiwa juu, watu 5 wakafa. Sasa Ironbridge walifanyaje? 1934 wakapiga marufuku magari, wakaachia waenda kwa miguu, na mpaka leo limesimama. La kwetu ni la stili, linavumilia kuvutwa kuliko lile, kwa hiyo kisingizio chetu ni kidogo zaidi.

Treni za mzigo zikihamia SGR, hapo wapite watu wa Jinja na wa Njeru ng'ambo ya mto kwa miguu na baiskeli, watalii walipe kiingilio na hela hiyo inunue rangi. Sharti langu ni moja, mainjinia wakague kwanza nguzo zake na ripoti tuisome sote, zikikutwa zimeoza nitakubali livunjwe.