Vyumba vya kupangisha Tabora: mkopo uingie lini?

Ukizunguka Ipuli au Malolo, mjini Tabora, hukosi kuona boma la vyumba vya kupangisha lililoishia kwenye linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), kichaka kimeota ndani. Wapo wanaosema mwenyewe angekopa tu, amalize, aanze kula kodi. Wapo wanaojibu kwamba afadhali boma lililosimama kuliko nyumba iliyopigwa mnada. Wote wana hoja, ila swali linaloamua hawaliulizi: tangu fedha ya mkopo iingie hadi mpangaji wa kwanza alipe, itapita miezi mingapi?

Tuseme una vyumba 6, kila kimoja Sh 40,000. Vikijaa vyote ni 240,000 kwa mwezi. Ukikopa milioni 20 kuanzia msingi, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka kwenye salio linalopungua (inatozwa kwenye deni lililobaki tu), miaka 5, rejesho ni kama 497,000 kila mwezi. Kodi haifiki hata nusu yake. Hata ukiurefusha mkopo hadi miaka 15, bado ni kama 308,000. Na mkopo wa nyumba wa muda huo unadai hati miliki, wakati wengi mkononi wana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mtumishi basi huangukia mkopo wa mshahara. Huo hauulizi hati, lakini makato lazima yaache theluthi moja ya mshahara, na anayejenga hapo ni mshahara, si wapangaji.

Kujenga kidogokidogo nako kuna gharama zake, ingawa hakuna riba. Mvua za Tabora ni Novemba hadi Aprili. Ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo, bila bati juu, huloa. Udongo hutoka kwenye maungio na kona huachia. Baada ya misimu miwili mitatu fundi anakwambia ubomoe kozi (mistari ya tofali) za juu kabla ya kupaua. Na kila mwaka boma linaposimama, Sh 2,880,000 za kodi hazipo. Kwa hiyo usipandishe kuta kama fedha ya mbao na bati haijapatikana. Kiwanja kinasubiri, msingi unasubiri, ukuta hausubiri.

Kwa maoni yetu, hadi kwenye paa itumike fedha ya mfukoni au mgao wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa). Mkopo ubaki wa kumalizia: plasta, sakafu, milango, choo, umeme. Tuseme kazi hiyo inataka milioni 6. Kwa riba ileile na miaka 3, rejesho ni kama 214,000, na sasa kodi inalibeba. Inalibeba kwa shida: kodi ya zuio ya pango (ya serikali, inayokatwa kwenye kodi ya vyumba) ni asilimia 10, yaani 24,000, unabaki na 216,000. Chumba kimoja kikikaa wazi, unaingia mfukoni. Ukitegemea wanafunzi wa Chuo cha Uhazili au wa Chuo cha Ardhi, piga hesabu ya miezi 9 au 10, maana wengine likizo hawailipii.

Kabla ya kusaini, uliza riba inahesabiwaje. Milioni 6 hiyohiyo, asilimia 17 hiyohiyo, ikiwa ni riba ya flati (inayotozwa kwenye mkopo wote hadi mwisho), rejesho linapanda hadi karibu 252,000. Jumla unalipa 9,060,000 badala ya kama 7,700,000. Kwenye karatasi zote mbili imeandikwa 17. Swali la kumkalisha afisa mikopo ni moja: hadi rejesho la mwisho nitakuwa nimelipa shilingi ngapi?

Halafu tenga marejesho ya miezi 3 ya kwanza, kama 642,000, kwa sababu benki haingoji plasta ikauke. Ukichukua fedha Juni, fundi anafanya kazi kiangazi, na vyuo vikifungua Oktoba vyumba vina taa. Ukichukua Oktoba, mvua inakukuta shimo la choo liko wazi.