Ndege iliyokaa kama mbwa

Modeli yangu ya ndege ilikaa chini kama mbwa anayesubiri mfupa, pua juu, mkia mezani. Gundi, puti na msasa vilikuwa vimekwisha, nikaisimamisha kwa magurudumu yake mbele ya wajukuu, nayo ikalala nyuma taratibu. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Alisema tu, "Mzee, hata hiyo imechoka."

Ni Super VC10, ndege ya abiria ya zamani, kipimo cha 1:144, yaani ile ya kweli ni ndefu mara 144, niliyoletewa na mpwa wangu kutoka Uingereza ndani ya boksi lililokwisha kuchanika. Ndege hiyo ina injini nne na zote ziko mkiani, kwa hiyo ukiunda modeli yake lazima uweke uzito puani kabla hujafunga kiwiliwili. Nililijua hilo. Karatasi ya maelekezo nayo ilisema. Lakini nina miaka 65, na siku ile nilikuwa na haraka za mtoto wa miaka 11.

Nasema 11 kwa sababu huo ndio umri niliokuwa nao mara ya mwisho kuunda ndege. Mwaka 1971 baba alininunulia Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, modeli ya kampuni ya Airfix, 1:72, mabawa hayafiki sentimita 16, kutoka duka la Mhindi mmoja Kampala. Niliimaliza kwa siku moja, na alama ya dole gumba langu ikaganda kwenye kioo cha rubani. Mwenye duka akaahidi kunitafutia ndege kubwa. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na tuliporudi tukakuta kufuli. Baada ya hapo gundi ilipotea, rangi ikapotea, sukari yenyewe ikawa ya kupanga foleni. Nani angeulizia modeli?

Sasa watu wa hapa Entebbe wanauliza kama nimerudia utoto. Mzee mwenzangu wa msikitini alinishauri kwa upole nifuge kuku. Kuku ninao. Ninachokikataa ni hilo neno utoto, kwa sababu mtoto haundi kwa kipimo. Magari yetu ya waya na kandambili kuukuu tuliyasukuma mtaa mzima wa Kitoro, na tairi likiwa kubwa kuliko mlango hakuna aliyejali. Gari zuri lilikuwa lile linalokimbia. Kipimo ni shughuli ya mtu mzima, maana kinakukataza kutia chumvi.

Na mimi nimetia chumvi miaka 50. Baba alitoka Tanga, kazi ikamleta uwanja wa ndege wa Entebbe enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, kupakia na kupakua mizigo. East African Airways, shirika la ndege la Jumuiya, ilikuwa na Super VC10 tano, na jinsi nilivyozoea kuwasimulia wanangu, moja tu ikija kutua kutoka upande wa ziwa ilikuwa inaziba jua. Shirika likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kunisahihisha.

Nirudi kwenye ule mkia. Nilitoboa tundu nyuma ya gurudumu la mbele nikatumbukiza chubwi nne, vile vizito vya kuvulia, nilizoomba kwa wavuvi wa Kasenyi, nikazimiminia supaglu. Pua ikashuka. Kwenye madirisha usiitumie kabisa hiyo supaglu; mvuke wake huacha ukungu mweupe ambao hautoki kirahisi, na mimi madirisha mawili yameshaharibika hivyo. Rangi nyeupe ni ya magari, ya kupuliza, nimeinunua Katwe na kuijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kitu ambacho hakuna maelekezo yanayokitaja ni sami. Ukiwasha taa jioni huku rangi haijakauka, vijidudu hivyo vya ziwani vinaingia kwa maelfu na kunata. Bawa la kushoto nimelipiga msasa mara tatu. Siku hizi napuliza asubuhi, mvua ikiwa haijakaribia, maana unyevu nao huifubaza rangi.

Alama za boksi zilikuwa za shirika la Waingereza. Simba wa mkiani nimemchora mwenyewe kwa brashi ya nywele chache, nikiwa na miwani miwili usoni. Nambari ya usajili niliyoandika ni 5X-UVJ. 5X ndiyo Uganda, kama 5H ilivyo Tanzania na 5Y Kenya. Ilikuwapo pia 5X-UVA, ila hiyo ilianguka Addis Ababa Aprili 1972 ikijaribu kuruka, watu 43 wakafa. Baba hakupenda kuitaja, nami sikuiandika.

Tuliorudi kwenye modeli uzeeni tuna ugonjwa mmoja, kununua. Rafiki yangu wa Mombasa ana maboksi 40 juu ya kabati, na ana miaka 67. Akiunda mawili kwa mwaka, bila kuugua wala kusafiri, atamaliza akiwa na 87. Nilimwambia achague moja, ndege au gari au meli aliyowahi kuigusa, mengine agawe. Amenuna. Lakini sioni faida ya kuunda kwa usahihi kitu ambacho huna unachokijua juu yake.

Nilijua hivyo siku nilipochukua kikokotoo. Ndege ya mita 52 inakuwa sentimita 36. Baba, mtu wa futi tano na inchi tisa, anakuwa milimita 12, sawa na punje mbili za mchele moja juu ya nyingine. Nikaziomba kwa mke wangu, nikazinatisha kwa gundi, nikazisimamisha chini ya mlango wa mizigo. Mlango ulikuwa juu ya kichwa chake. Miaka yote nimesimulia ukubwa wa ile ndege, na kila jioni tulipokuwa watoto zamu zilikuwa za kumkanyaga baba mgongoni kwa miguu mitupu, naye amelala kifudifudi mkekani, na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Sasa nimemchonga kwa njiti ya kiberiti, mikono juu. Rangi ya shati lake la kazi bado sijaipata. Picha zote tulizonazo ni nyeusi na nyeupe, na dada yangu anasema kaki, mimi nasema bluu.