Haikuwa bangi jamani, ni kiuno

Haya, kwa kuwa jamaa yangu wa boda keshatangaza mpaka Makorora kwamba nimefumwa uchi navuta bangi, acheni niseme mwenyewe. Uchi ni nusu. Bangi hakuna.

Kiuno si mnajua kilivyonikamata tangu nilipobeba lile friji. Nikaenda kwa tabibu wa sindano za Kichina, akanilaza kifudifudi, kile kitanda chenye tundu la kuweka uso, akanichoma visindano vyembamba hata damu havitoi: kiunoni, matakoni, na nyuma ya magoti, eti ya goti ndo ya mgongo (msinicheke, Wachina wanafanya hivyo miaka na miaka). Ikifika penyewe unasikia uzito na kaganzi, anasema neva zinaamshwa na mwili unatoa dawa yake wenyewe ya maumivu. Kweli nikaanza kusinzia. Akawasha moksa sasa, majani makavu, ndugu zake pakanga, yamesokotwa kwenye karatasi unene wa kidole gumba, haigusi ngozi, inapitishwa kwa juu sehemu ipate joto na damu itembee. Raha! Ila moshi wake, wallahi, harufu ni bangi tupu, na dirisha liko wazi linaangalia uchochoro wa Ngamiani.

"Humu wanavuta!"

Mlango. Halafu pazia, taratiiibu. Mimi naona sakafu tu. Zikaingia kandambili za mjumbe. Zikaingia raba za vijana, nyingi. Halafu vikaingia viatu vyekundu vya wazi vyenye ua la dhahabu, na vile viatu navijua kwa sababu nilivinunua mimi, Idi iliyopita, nikampelekea mama mkwe mtarajiwa.

Kugeuka siwezi, nimechomwa kama nungunungu. Kujifunika siwezi. Nikajikuta nasema ndani ya tundu, "Shikamoo mama."

Kimya. Viatu havisogei. Nasikia sindano za matakoni zinatikisika, maana natetemeka, na najua wote wanaziangalia zinavyotikisika.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Na hicho kiuno kibovu tangu lini?"

Nyie. Vijana walitoka nje kwenda kuchekea uchochoroni.

Basi mjumbe akanusa kile kijiti, akaona maandishi ya Kichina, akaomba radhi, akauliza goti lake bei gani. Kiuno chenyewe kimepungua, usiku ule nililala. Ila posa imesogezwa mbele, mshenga anasema mpaka mgonjwa apone.