Hukumu mkononi, lori la dalali langoni

Lori la dalali lilisimama asubuhi nje ya duka moja la jumla viungani mwa Nairobi. Dalali alikuwa na hati ya kukamata mali yenye muhuri wa mahakama na orodha ya vitu: majokofu sita, rafu, kompyuta za malipo, gari la kusambazia bidhaa. Mteja wangu, mama anayefuga kuku wa mayai huko Kiambu, alikuwa ameketi mbele pamoja na dereva. Aliliuzia duka hilo mayai kwa mkopo kwa miezi mingi, halikulipa, akashtaki, akashinda. Meneja akatoka na karatasi moja tu, notisi kwamba siku nne kabla kampuni ilikuwa imewekwa chini ya msimamizi, mtu anayeteuliwa kuiendesha kampuni iliyolemewa na madeni. Dalali aliisoma mara mbili, akanipigia simu, nami nikamwambia ageuze lori. Mama akachukua simu. "Sasa wakili, hii hukumu ni ya nini?"

Swali lile lilinikaa. Jibu la kisheria ni fupi. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 560, inasema kwamba kampuni ikiwa chini ya usimamizi hakuna anayeweza kuanzisha wala kuendeleza kesi dhidi yake, kukaza hukumu (yaani kuitekeleza kwa nguvu) au kushika mali yake, mpaka msimamizi akubali au mahakama iidhinishe. Hukumu haijafutwa. Deni liko pale pale. Kilichozuiwa ni mkono wa dalali. Kama zuio hilo ni haki au ni dhuluma, hapo ndipo pagumu.

Nianze na upande ambao wateja wangu hawapendi kuusikia. Jokofu la dukani lina thamani likiwa limejaa maziwa na wanunuzi wamesimama mbele yake. Likibebwa na lori na kuuzwa kwenye mnada, litapata sehemu ndogo tu ya bei yake. Majokofu yakiondoka, maziwa hayaletwi. Maziwa yasipoletwa wateja wanahamia duka la pili, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara. Dalali mmoja akikusanya laki tano anaweza kuharibu biashara ambayo ingeuzwa ikiwa nzima kwa mamilioni, na pesa hizo wakagawiwa wadai wote.

Kuna jambo lingine linalonigusa zaidi. Duka lile lilidaiwa pia na mfugaji wa pili wa mayai. Huyo hakushtaki. Meneja alimsihi avumilie, naye akavumilia, akaendelea kuleta trei zake kila wiki. Kama sheria ingemruhusu mteja wangu abebe majokofu kwa sababu tu alifika mahakamani mapema, yule aliyekuwa na subira ndiye angeadhibiwa. Hukumu inathibitisha deni. Haimfanyi mwenye nayo kuwa mdai mwenye dhamana, yaani aliyewekewa mali ya kampuni kama rehani, na hilo mawakili tunapaswa kuwaambia wateja kabla ya kupokea ada ya kufungua kesi.

Kabla ya sheria hii tulizoea mrasimu, yule meneja anayewekwa na benki yenye hati ya dhamana. Kazi yake ilikuwa kwanza kuirudishia benki pesa zake. Hata mwaka 2019, sheria mpya ikiwa tayari ipo, Mumias, kampuni ya sukari, iliwekwa chini ya mrasimu na benki ya KCB kwa njia hiyo ya zamani. Msimamizi wa sheria mpya anatakiwa kujaribu kwanza kuiokoa kampuni iendelee na biashara, ikishindikana awapatie wadai wote kwa jumla matokeo bora kuliko kuifunga, na ikishindikana hata hilo ndipo auze mali awalipe wenye dhamana na wenye kipaumbele. Mpangilio huo hauna maana ikiwa kila mwenye hukumu anaweza kung'oa kipande chake katikati ya kazi.

Sasa upande wa pili, na huu nauona kila wiki mezani kwangu.

Benki yenye dhamana ya jumla juu ya mali ya kampuni inaweza kumteua msimamizi yenyewe bila kwenda kwa jaji. Kampuni au wakurugenzi wake pia wana njia yao ya kuteua. Kwa hiyo mdaiwa aliyepuuza barua zako, akakwepa wito wa mahakama, akakata rufaa isiyo na msingi, anaweza kuingia kwenye kivuli cha usimamizi wiki ile ile unayopata hati ya kukamata mali. Siku nne, katika kesi ya mama wa mayai. Sisemi ilipangwa, kwa sababu sina ushahidi. Ninachosema ni kwamba sheria inaacha nafasi hiyo wazi.

Halafu muda. Usimamizi unatakiwa kuisha baada ya miezi 12, lakini unaweza kuongezwa. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, iliwekwa chini ya usimamizi Januari 2018, Peter Kahi akiwa msimamizi. Wadai walipiga kura ya kuifunga Januari 2020. Miaka miwili wadai walisubiri. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yaliuzwa kwa mshindani wake Naivas kwa takriban shilingi milioni 422, ilhali madeni yalizidi bilioni 30. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Msambazaji aliyeambiwa asikaze hukumu yake ili kampuni ipone alinyimwa matunda ya hukumu hiyo, na kampuni haikupona.

Mlango wa kutokea ni ruhusa ya mahakama. Majaji wetu hufuata mwongozo wa Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika kesi ya Atlantic Computer Systems ya mwaka 1990. Ikiwa ruhusa haitazuia lengo la usimamizi, kwa kawaida itolewe. Ikiwa itazuia, pimeni hasara ya anayeomba na hasara ya wadai wengine, na haki ya umiliki ipewe uzito mkubwa. Mizani hiyo ni nzuri, ila angalia nani anakaa juu yake akiwa mzito. Kampuni iliyokodisha mashine zake ni nzito, maana mashine ni zake. Benki ni nzito. Mama wa mayai hana umiliki wa kitu chochote ndani ya duka lile, mayai yalishaliwa. Anafika kwenye mizani akiwa mwepesi kama karatasi aliyoishika.

Hata hivyo wapo ambao ruhusa ingetakiwa itolewe bila mvutano. Chukua mtu aliyegongwa na lori la kampuni. Bima ya gari ya kuwalipa watu wengine wanaoumizwa (third party) ni ya lazima chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, na atakayelipa hukumu ni kampuni ya bima, si kapu la wadai. Kumzuia asiendelee na kesi hakumwokolei mdai yeyote hata shilingi moja, bali kunampa bima likizo. Nimeona barua za wasimamizi zikikataa maombi kama hayo kwa sentensi moja ya kunakili, na majeruhi akalazimika kulipia maombi Mahakama Kuu kupata kile ambacho saini moja ingetosha. Hilo linaniudhi kwa sababu ni uvivu tu.

Wafanyakazi wamewekewa ngazi yao: mishahara ya miezi minne ya mwisho inapewa kipaumbele, lakini jumla isizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo, hata kama Mahakama ya Ajira imetoa hukumu, kinaangukia kwenye foleni ya wasio na dhamana. Aliyefukuzwa baada ya miaka 15 ya kazi anaweza kuwa na hukumu ya milioni mbili na akajikuta nyuma ya mwenye hati ya dhamana ya jana.

Nikipima yote, bado nasimama na zuio. Bila hilo wanaoshinda ni wenye wakili wa haraka, na hao mara nyingi si wakulima. Lakini zuio linachukua haki ya mtu mmoja kwa faida ya wengine, na anayenyimwa anastahili kuonyeshwa faida hiyo kwa hesabu. Msimamizi anayekataa ombi aseme mali iliyotajwa inahitajika kwa kazi gani, ni ipi iliyo na dhamana ya benki na ipi haina, na ni lini wadai watapewa ripoti nyingine. Akiomba kuongezewa muda, jaji adai majibu hayo hayo.

Tulimwandikia msimamizi wa duka lile tukiomba mambo hayo matatu. Jibu lilikuja la mistari minne. Lilisema gari la kusambazia bidhaa halikuwa chini ya dhamana ya mtu yeyote, na tangu uteuzi lilikuwa limeegeshwa bila kutumika. Wiki iliyofuata niliwasilisha ombi la ruhusa, kwa lile gari peke yake.