Nimeuza boma la Kibaha, na sijengi tena

Nimeuza kiwanja changu cha Kibaha pamoja na boma, yaani nyumba isiyokwisha, lililokuwa juu yake, na sina mpango wa kununua kingine. Hapa Hamburg, Ujerumani, naishi nyumba ya kupanga, nitaendelea kupanga, na siku nikirudi Tanzania nitapanga vilevile. Tangu habari iwafikie ndugu nimepokea simu nyingi za pole. Pole hizo nimezipokea kwa heshima, lakini sizihitaji, na naamini wengi wetu tulio ughaibuni tumebebeshwa mzigo wa nyumba ambao hatujawahi kuukalia chini tukaupima.

Anayejenga kutoka mbali anaujua mwendo wake. Mwaka huu msingi, mwaka ujao tofali, kisha lenta, halafu fedha zinakata kabla ya kupaua. Masika yanapita na boma liko wazi. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zinashika kutu, sebuleni panaota kichaka, na kila ukifungua WhatsApp unakuta picha ya ukuta na ujumbe kwamba saruji imepanda. Ndugu anayekusimamia naye ana maisha yake. Ukimuuliza mifuko imekwenda wapi anaona unamwita mwizi. Usipouliza, moyo hautulii. Mimi na kaka yangu tulifika mahali tukipigiana simu ni kokoto na fundi tu. Habari za watoto wake nilikuwa nazisikia kwa mama. Hilo liliniuma kuliko fedha.

Na fedha zenyewe zilikuwa zinatoka kwenye usingizi wangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu za ziada za usiku zote zilikuwa za Kibaha. Ilipopatikana nafasi ya kusomea uuguzi, mafunzo ya miaka mitatu ambayo unalipwa ukiwa unasoma lakini kiasi kidogo, swali la kwanza lililonijia kichwani halikuwa kama nataka au naweza. Lilikuwa: na paa? Hapo ndipo nilipoona kwamba nyumba ambayo hakuna aliyewahi kulala ndani yake ndiyo inayonipangia maisha. Nikauza, nikaenda kusoma.

Sasa niseme kuhusu kupanga kwa huku, kwa sababu nikisema "napanga" mtu wa Dar es Salaam anafikiria kitu kingine kabisa. Ujerumani zaidi ya nusu ya watu ni wapangaji, na si maskini peke yao. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mwalimu mstaafu, amezeeka kwenye nyumba ya kupanga, na hakuna anayemwona kwamba maisha yalimshinda. Mkataba wangu hauna mwisho. Mwenye nyumba hawezi kunitoa kwa sababu amepata anayelipa zaidi. Lazima awe na sababu inayokubalika kisheria, kwa mfano anaihitaji nyumba akae yeye au familia yake, na hata hapo ananipa notisi ya miezi mitatu. Nikishakaa miaka mitano notisi inakuwa miezi sita, na baada ya miaka minane inafika miezi tisa. Mimi nikitaka kuondoka, miezi mitatu inatosha wakati wowote. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaurithi mkataba wangu kama ulivyo. Kodi inapanda, ndiyo, lakini ina dari: katika miji yenye uhaba wa nyumba kama Hamburg, mpangaji aliyemo ndani hapandishiwi zaidi ya asilimia 15 ndani ya miaka mitatu.

Siku ya kukabidhiwa funguo tulizunguka na mwakilishi wa mwenye nyumba chumba kwa chumba. Aliandika mkwaruzo kwenye mlango wa bafu, ufa wa kigae kimoja karibu na dirisha, na namba za mita ya umeme na ya maji. Tukatia saini wote wawili, kila mmoja akabaki na nakala. Amana, yaani fedha ya dhamana anayoshika mwenye nyumba, haizidi kodi ya miezi mitatu, sheria inaniruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, na mwenye nyumba haruhusiwi kuichanganya na fedha zake. Nikihama, mkwaruzo ule haunihusu. Ni karatasi tu, lakini karatasi hiyo ndiyo inanifanya nilale.

Kupata nyumba yenyewe ni kazi, na nisingependa mtu adanganyike. Unaenda kuitazama mkiwa kwenye foleni ngazini, mmebeba hati za mshahara na uthibitisho kwamba huna madeni, na jina la kigeni juu ya barua ya maombi halikusaidii. Nyumba nyingi unakabidhiwa bila jiko wala makabati. Mara moja kwa mwaka inakuja hesabu ya kupasha nyumba joto, na baada ya baridi kali hesabu hiyo inauma. Lakini ukishaingia, umeingia.

Sasa linganisha na kwetu. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha chumba. Mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima. Kijana aliyeajiriwa jana atatoa wapi? Ukishaingia mnagombania umeme wa LUKU na wapangaji wenzako, unaulizwa mgeni wako analala siku ngapi, na asubuhi moja unaambiwa kodi imepanda, au mtoto wa mwenye nyumba anaoa, tafuta pengine. Mtu aliyepita hapo akikuambia bora chumba kimoja cha kwake kisicho na plasta, anasema kweli. Nawaheshimu wanaojenga kwa sababu hiyo. Mama yangu alijenga kwa sababu hiyo, na ilikuwa haki yake.

Ndiyo maana sikubali maelezo kwamba kujenga ni utamaduni wetu na kupanga ni utamaduni wa Wazungu. Hamburg ilipigwa mabomu mwaka 1943 mitaa mizima ikateketea. Baada ya vita Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya nyumba mwaka 1950, serikali ikasaidia ujenzi wa nyumba nyingi za kupangisha kwa kodi nafuu, na sheria za kumlinda mpangaji zikaendelea kurekebishwa hadi leo. Ni uamuzi wa kisiasa. Nasi tuliwahi kufanya maamuzi ya namna hiyo: Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na mwaka 1971 serikali ya Mwalimu Nyerere ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Hatua ile iliwaumiza wengi na ninaelewa kwa nini bado inazungumzwa kwa uchungu. Lakini mwaka 2021 wananchi wa Berlin walipopiga kura ya maoni kuhusu kuchukua nyumba za makampuni makubwa, zaidi ya nusu ya waliopiga kura waliunga mkono, ingawa mpaka sasa nyumba hizo hazijachukuliwa. Kumbe suala ni lilelile, huku na kwetu.

Wanaonipinga wana hoja moja ninayoichukulia kwa uzito: uzeeni utakaa wapi? Nitajibu kwa hesabu. Fedha za kiwanja zilizobaki baada ya kubadilisha mabati ya nyumba ya mama na kumwekea tanki la maji, nimeziweka kwenye hatifungani za serikali, yaani nimeikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Haiombi mlinzi, haioti kichaka. Nikirudi, riba hiyo ilipe kodi, pale nitakapopenda kuishi wakati huo: karibu na hospitali nzuri, karibu na mtoto wangu, au Tanga kwa sababu tu nimeipenda. Kibaha niliichagua nikiwa kijana, kwa sababu viwanja vilikuwa vya bei nafuu. Kwa nini uamuzi ule umfunge mzee nitakayekuwa?

Wengine wanasema bila nyumba huna chako. Hata aliyejenga, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda, mrefu kabisa miaka 99. Analipa kodi ya ardhi kila mwaka, na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa anaponunua umeme. Silalamiki, kodi ni wajibu. Ila kati yake na mimi, sioni ukuta mrefu kiasi hicho.

Kaka yangu na mimi sasa tunaongea Jumapili, kirefu, na hakuna anayetaja kokoto.

Ninachokitaka nyumbani ni kitu kimoja. Tulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa mwaka 2005, na aliyeathirika zaidi ni mpangaji wa chumba kimoja. Wabunge watuletee sheria mpya ya upangaji: mkataba wa maandishi, kodi ya mwezi kwa mwezi, notisi inayoeleweka, amana yenye kikomo, na baraza la karibu la kusikiliza malalamiko bila kuhitaji wakili. Sisi wa ughaibuni tuna sauti, na viongozi wanapotutembelea hatuachi kuwauliza kuhusu viwanja na mikopo ya nyumba. Wakija tena Hamburg, mimi nitawauliza kuhusu wapangaji.