Ngalawa ya Bure, Saa Nne Asubuhi

Shangazi yangu alinitambua kwa kidole gumba cha mguu. Vyengine vyote vilikuwa vimefichika: mwili ndani ya joho jeupe la taulo, kichwa ndani ya kofia ya joho hilohilo, uso umejaa tope la chumvi. Lakini kidole gumba cha ukoo wetu, kilichopinda kama mkono wa birika, hakina pa kujificha.

"Wee!" akapiga ukelele katikati ya shamba la mwani. "Si mtoto wa kaka huyu?"

Wenzake walikuwa wameshaanza kusoma Ayatul Kursiy, wakidhani ni maiti anatoka baharini na sanda yake. Wakanyamaza. Halafu wakacheka. Kicheko chao nikipita Paje mpaka leo nakisikia.

Sasa ngojeni nianze mwanzo, maana kosa si langu peke yangu. Nusu yake ni la binamu yangu anayeishi Florida.

Huyu binamu alikuja likizo, akatuona mie na mke wangu tulivyochakaa, akatulipia usiku mmoja kwenye hoteli ya ufukweni upande wa mashariki wa Unguja. Jina la hoteli silitaji, bado nawadai wao na wao wananidai. Kabla hatujaenda akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Yeye huwapeleka watoto wake kwenye viwanja vya Disney hukohuko Florida na kulala kwenye hoteli za ndani, na anayajua mambo haya kama mganga anavyojua mizizi. Akasema zamani ukilala pale unachukuliwa na basi la bure kutoka uwanja wa ndege wa Orlando. Basi lilianza 2005, likaondolewa mwanzo wa 2022. Bangili ya mkononi inayofungua mlango wa chumba ilikuwa bure, tangu 2021 ya kununua. Pasi ya kukwepa foleni ilikuwa bure, na mgeni wa hoteli aliruhusiwa kujichagulia nafasi siku 60 kabla ya kufika, wengine siku 30 tu. Oktoba 2021 ikaja ya kulipia, ikaanzia dola 15 kwa kichwa kwa siku. Zile saa za ziada za wageni wa hoteli nazo zikageuzwa nusu saa ya kuingia mapema asubuhi.

"Nusu saa!" binamu akasema, nikasikia anapiga meza. "Na hoteli nzima imeamka kuigombania. Kwa hiyo ndugu yangu, ukikuta cha bure kichukue siku hiyohiyo. Wakishaanza kupunguza hawa, hawasimami."

Maneno hayo yaliniingia, kwa sababu hoteli ile naijua. Mwaka 2014 nilikwenda kufunga viyoyozi pale, wiki mbili, na kutoka juu ya ngazi yangu niliona kila kitu. Mgeni anashuka garini anapewa dafu lenye ua la mwasumini. Anapewa kitambaa cha baridi kinachonukia karafuu ajifute uso. Bi harusi anakuta doti ya kanga kitandani. Anayetaka ngalawa anakwenda muda anaotaka, na anayetaka kulala mpaka saa nane mchana hakuna anayemgongea. Mke wangu nimemhadithia habari za dafu lile miaka kumi. Hata tukigombana nilikuwa namwambia, "Iko siku utalinywa."

Tukafika kwa daladala, kwa sababu gari la kuchukua wageni siku hizi lina bei yake. Kijana wa mapokezi, mwenye adabu kweli, akatupa juisi ya ukwaju ndani ya vigilasi nilivyodhani vya dawa ya kikohozi. Kitambaa cha baridi kimekuwa tishu. Dafu lipo, lakini kwenye menyu, shilingi elfu kumi. Nje ya geti tumempita mzee analiuza elfu mbili. Taulo la pwani unapewa kwa kadi, na ukipoteza kadi unalipa taulo. Nikauliza na kadi ikipotea pamoja na taulo inakuwaje. Kijana akacheka, akadhani natania.

Akatukabidhi karatasi: Manufaa ya Mgeni Wetu. Yalikuwa matatu. Chai ya asubuhi nusu saa kabla ya wengine. Joho la taulo na ndara wakati wote wa kukaa. Ngalawa ya bure, saa nne asubuhi.

"Matatu," nikamwambia mke wangu, "na yote tunayamaliza."

"Mie nataka kulala tu, baba watoto," akasema.

Usiku tukakaa barazani. Mwezi umejaa, mweupe, bahari inang'aa mpaka mwambani. Nikamwambia mke wangu, "Tazama mwezi ulivyo." Akatazama. Nikasema tena, mara tatu au nne. Baba yangu alikuwa mvuvi, babu yangu mvuvi, mie nimekulia Jambiani, na nimekaa saa nzima nausifu mwezi mpevu bila ya kujiuliza unafanya nini hapo.

Saa kumi na mbili na nusu alfajiri nikamwamsha tukanywe chai ya mapema. Tukakuta mpishi ndio kwanza anasukuma chapati. Maji ya chai yanaanza kulia. Kilichokuwa tayari ni tikiti, nalo lina baridi ya friji mpaka linauma meno. Kwa ufupi tulipewa nusu saa ya kumtazama mtu akifanya kazi. Chapati ya kwanza ilitoka saa moja kamili, na wageni wengine wote ndio wanaingia. Mke wangu hakusema neno, ila alinitazama kwa jicho la pembeni, lile ambalo aliyeoa analijua.

Akarudi kulala. Mie nikavaa kaptula, juu yake joho, chini ndara za kitambaa. Kwa nini joho? Kwa sababu lilikuwa la bure na nilikuwa sijalitumia bado. Saa nne kasoro dakika tano niko pwani.

Ngalawa ipo. Imelalia tengo lake la kushoto juu ya mchanga mkavu, tanga limekunjwa, kuku anatembea chini yake. Bahari yenyewe imekwenda zake. Mbele yangu ni mchanga, vidimbwi, mchanga tena, na mbali kabisa, karibu na mwamba, mstari mweupe wa mawimbi.

"Karibu mzee, panda," kijana wa ngalawa akaniambia, ananipa karatasi nitie saini kuwa nimehudumiwa.

"Maji yako wapi?"

"Yanakuja."

"Lini?"

"Alasiri, saa kumi hivi yanajaa."

"Basi nitakuja saa kumi."

"Ya saa kumi ni elfu hamsini, mzee. Ya bure ni hii ya saa nne." Akaniona nimekasirika, akanituliza: "Wiki iliyopita saa nne ilikuwa inaelea vizuri tu. Njoo wiki ijayo."

Hakusema uongo. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne bahari imejaa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, saa nne ndiyo imekupwa mpaka mwisho. Mtoto wa miaka sita wa Jambiani anakwambia hivyo huku anachezea gololi.

Mwenye akili angerudi chumbani. Mie nilipanda. Nikakaa juu ya ubao, kwenye nchi kavu, joho limenifunika, mikono magotini, kama dakika tano. Wazungu wawili wakapiga picha. Kuku akatoka chini, akanitazama, akarudi. Nikatia saini.

Sasa kijana akanionea huruma, akaninyooshea kidole: kule mbele kuna mtumbwi wake mwengine unaelea, nikiufikia nitapigwa kasia bure, yeye atanifuata. Nikaondoka. Hakunifuata.

Kutembea kwenye maji kupwa kunataka viatu vya mpira na macho ya chini. Mie nilikuwa na ndara za kitambaa, na macho nimeyaelekeza kwenye mtumbwi. Ndara ya kulia ilinyonywa na tope kabla sijafika mbali. Ya kushoto niliitupa mwenyewe kwa hasira. Nikaingia shamba la mwani bila ya kujua nimeingia: vigingi vimechomekwa safu kwa safu, kamba zimetandazwa baina yake, mwani umefungwa kwa vile vikamba vidogo wanavyoviita taitai. Mkanda wa joho ukanasa kwenye kigingi. Nikauvuta. Kigingi kikang'oka, nikaenda kifudifudi, na mguu ukakanyaga yule mdudu wa miiba myeusi. Nilipoinuka nalia, mweupe juu, mweusi usoni, ndipo wale kinamama walipoanza kusoma.

"Unafanya nini huku?" shangazi akaniuliza.

"Nimekuja kupanda ngalawa, shangazi."

"Ngalawa? Leo bamvua! Jana mwezi hukuuona?"

Nikasema niliuona.

Akanikalisha kwenye gunia, akaitazama miiba, akasema nikifika nyumbani nipakwe utomvu wa papai bichi, halafu akanipa kamba nishike. Kwake hakuna mgonjwa wa miiba mitatu. Nikashika kamba, nikachomeka tena kigingi nilichong'oa, nikatia mwani kwenye gunia. Gunia likapasuka. Shangazi akaliangalia gunia, kisha akaniangalia mie.

"Vua hilo joho."

Joho la taulo, niwaambie, linabeba mwani kuliko gunia. Tulifunga mikono yake miwili pamoja, likawa furushi la kutosha kumlemaza punda, na nikalibeba mgongoni mpaka kijijini nikiwa na kaptula, nachechemea, maji ya mwani yananimiminikia kisogoni.

Niliporudi hotelini mke wangu alikuwa amekaa mapokezi na mikoba yetu yote. Ilikuwa saa sita kasoro. Kumbe mwisho wa kutoka chumbani ni saa nne asubuhi, saa ileile ya ngalawa. Kijana akanisomea hesabu kwa sauti ya upole kabisa: kuchelewa kutoka, elfu tisini, joho, elfu mia na ishirini, ndara, elfu kumi na tano. Nikamwambia ndara moja niliitupa mwenyewe lakini nyengine imechukuliwa na nchi. Akaandika mbili.

Hapo ndipo shangazi alipoingia, kwa miguu yake yenye tope juu ya sakafu yao nyeupe, na joho mkononi. Alilisuuza kisimani. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akalitua mezani. "Joho lenu hili. Zima."

Kijana akasimama wima. "Bibi! Shikamoo bibi!"

"Marhaba. Kumbe ndiyo kazini kwako hapa?"

Mjukuu wa jirani yake, mlango kwa mlango. Yaani akipandisha sauti kidogo tu, habari itafika kwa mama yake kabla ya adhuhuri. Hesabu ikakunjwa mara mbili, ikaingia droo. Ikabaki ya ndara tu. Mara kikaja kiti. Kikaja kitambaa cha baridi, na wallahi kilinukia karafuu. Halafu kikatoka jikoni kitu ambacho sijakiona tangu mwaka 2014: dafu, limekatwa juu, na ua la mwasumini pembeni.

Shangazi akanywa kidogo, akampitishia mke wangu. Mke wangu akanywa taratibu, macho amefumba, miaka kumi yote anaimaliza. Nikanyoosha mkono.

Akaliondoa dafu. "Wewe si umeshapanda ngalawa?"