Ukurasa wa 3 Ulivyotaka Kunihamisha

Karatasi ya A4 ukiikunja katikati unapata kurasa 4, ndiyo maana vijarida vya kujichapishia wenyewe, vile vya kupigwa pini mgongoni, huenda kwa nne nne: 8, 12, 16. Changu kilikuwa cha 16, chote shida za mjini: kodi, basi la alfajiri, jirani anayekoroma nyuma ya ukuta wa mbao. Maandishi ya mkono, picha za kukata na gundi. Ni kazi ya watu wasio na mchapishaji, na ni ya zamani. Wapenzi wa hadithi za sayansi wa Chicago walitoa chao, The Comet, mwaka 1930.

Sasa, ili kurasa zifuatane kijarida kikishakunjwa, kwenye karatasi lazima zikae kiwendawazimu. Ya 16 inalala na ya 1, ya 2 na ya 15. Ukizijumlisha, kila jozi inatoa 17. Nikamwachia kijana wa fotokopi kazi yote, kutoa kopi, kukunja na kupiga pini, nami nikaenda kupanga meza ya maonyesho.

Kijana ana huruma yule. Kuona 16 imekaa na 1, akajisemea, maskini, mtu mzima na kuhesabu hajui! Akashika mkasi, akazitenganisha, akazibandika upya: 1 na 2 mbele, 3 na 4 nyuma, hivyo hivyo hadi mwisho. Alinisimulia mwenyewe baadaye, anatabasamu, anangoja asante. Xerox 914, mashine ya kunakili ya mwaka 1959, iliuzwa pamoja na kizima-moto kidogo kwa sababu karatasi zilikuwa zikiungua ndani. Dhidi ya huruma hawajatengeneza kifaa.

Mzigo ulifika wakati watu wameshaingia. Jalada lilikuwa nyuma. Ukurasa wa 3 uliangaliana na wa 6. Na wa 3 uliishia hivi: "Mwenye nyumba akagonga tena. Nikamfungulia, nikamtazama usoni, nikamwambia" — halafu wa 6, ambako konda alikuwa katikati ya kelele zake, ukadakia: "Shuka! Shuka na kapu lako, unaziba mlango!"

Watu walicheka hadi machozi. Bwana mmoja mwenye miwani akanipa mkono, akasema nimeuvunja wakati kama mji unavyomvunja mtu. Nikaitikia kwa kichwa, kimya, kama msanii. Vikaisha vyote mezani.

Kimojawapo kikafika kwa mwenye nyumba.

Akagonga. Safari hii nilifungua kweli. "Mimi," akasema, kidole juu ya ukurasa, "uliniambia nishuke lini? Na kapu gani?"

Nikamkaribisha kitandani, maana kiti sina. Nikang'oa pini kwa ncha ya kisu, nikatandaza karatasi sakafuni, nikamwonyesha kurasa zilivyotakiwa kufuatana. Akavaa miwani. Akasoma wa 3, akasogeza macho upande wa pili wa mkunjo, akaupata wa 4, akausoma kwa sauti: "Naomba univumilie hadi mwisho wa mwezi, mzee wangu."

Uso ukalainika. "Kumbe uliniomba vizuri."

"Vizuri kabisa, mzee."

Akaendelea kufunua, wa 5, wa 8, wa 12, akageuza hata jalada na kuliangalia kwa nyuma.

"Hadithi tamu," akasema. "Kodi yangu iko ukurasa wa ngapi?"